Harusi ya Mwika Niliyoiongoza kutoka Studio ya Chuo

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia studio nimeshika viatu mkononi. Hiyo ndiyo ilikuwa amri ya kwanza kupewa katika redio ile ya chuo: viatu vinaachwa mlangoni, nami kwa kuogopa kuibiwa nikaingia navyo. Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo ya kahawa. Kuta zilikuwa zimefunikwa magunia na trei za mayai ili sauti isigonge ukuta ikarudi, na sakafuni palikuwa na zulia. Soksi yangu moja ilikuwa imetoboka, kidole gumba kinachungulia nje. Wanafunzi wa utangazaji waliokuwa wamekaa na daftari zao wakakiona, wakatazamana, wakacheka kwa adabu.

Nikawaambia, "Kitazameni vizuri. Hicho ni kidole cha mtu atakayewafundisha kazi."

Mwalimu wa Vipindi, mama mrefu mtulivu kutoka Kilosa, alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Kwanza jifunze kuwasha mashine. Kufundisha kutafuata." Halafu akaninyang'anya viatu akaviweka nje mwenyewe.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Ninyi vijana mliozaliwa mkakuta redio zimejaa kila mtaa hamwezi kujua ilivyokuwa. Nchi nzima tulikuwa tumezoea redio moja. Ghafla ruhusa ikatolewa, na watu binafsi, madhehebu na vyuo wakaanza kusimamisha minara. Chuo chetu, kilichokuwa mteremkoni juu ya Moshi mjini, kikafungua kituo kidogo ili wanafunzi wapate pa kujifunzia. Mitambo ilikuwepo, wanafunzi walikuwepo, leseni ilikuwepo. Wasikilizaji ndio hawakuwepo. Wale vijana walikuwa wanatangaza kama mtu anayesoma karatasi ya mtihani, na wimbo ukiisha wanashukuru wimbo.

Mimi nilikuwa nimeishia darasa la saba. Lakini muulize mtu yeyote aliyeoa au kuolewa miaka ile kati ya Rau na Tarakea, DJ Ngurumo ni nani. Nilianza kwa kurekodi kanda karibu na stendi: mtu ananiletea kanda tupu, ananitajia nyimbo, jioni anachukua. Biashara ilipofunguka nikaenda mwenyewe Tarakea, mpakani, kutafuta mashine ya sauti. Ilivuka mpaka juu ya kichwa cha mama mmoja wa Kirombo aliyeibeba kama mkungu wa ndizi, na hakuishika kwa mkono hata mara moja. Toka siku hiyo sikushuka. Harusi, kipaimara, sherehe za kumuaga binti kwao, zote zangu. Ni katika sherehe moja ya kumuaga binti pale Rau ndipo Mwalimu wa Vipindi aliponisikia. Alinifuata nikiwa nakunja nyaya. Akaniuliza, "Wewe, hayo maneno unayosema kati ya nyimbo, huwa unayaandika?"

"Mwalimu, nikiandika naanza kufikiri. Nikifikiri nachelewa."

Akacheka. Wiki iliyofuata nikaitwa chuoni.

Nilipelekwa kwa Mkuu wa Chuo, mtu wa Songea, msomi hasa, mvaaji wa suti ya kijivu hata jua likiwaka. Alinitazama juu mpaka chini.

"Cheti chako cha kidato cha nne kiko wapi?"

"Mkuu, huko sikufika."

"Umefika wapi?"

"Nimefika hapa."

Sikuona kama amependa jibu hilo. Aliniajiri, ila si kama mtangazaji. Barua ilisema mtunza kanda. Kazi ya mtunza kanda ilikuwa kuzipanga kwa majina, kuzifuta vumbi, na kuziweka tayari. Kuiweka kanda tayari maana yake unaizungusha kwa kalamu, taratibu, mpaka ule mwanzo wenyewe wa wimbo, ili mtangazaji akibonyeza tu sauti itoke papo hapo. Ukikosea kidogo, wimbo unaanzia katikati ya neno. Mimi sikukosea. Nilikuwa naisikia kanda kwa vidole.

Mwalimu wangu wa mitambo alikuwa Mhandisi, mzee wa Kipare aliyefanya kazi Dar miaka mingi akarudi kaskazini kupumzika, akashindwa kupumzika. Alinionyesha meza ya sauti, yenye vitufe unavyovisukuma juu na chini. Alinifundisha kufifisha, yaani kushusha wimbo polepole huku unapandisha mwingine, msikilizaji asijue umeisha saa ngapi. Na alinifundisha kuogopa ukimya hewani.

"Ukinyamaza," alisema, "mama aliyeko Mwika anadhani betri zake zimekufa. Anazitoa, anakwenda kuzianika juu ya bati. Wewe unarudi hewani, yeye redio yake iko tupu. Umempoteza mpaka kesho."

Kitu kingine alichokitengeneza kwa mikono yake ni ile taa. Ukipandisha kitufe cha maikrofoni, taa nyekundu juu ya mlango inawaka yenyewe, na muziki wowote unaopigwa unashuka wenyewe mpaka unakuwa kama unatoka nyumba ya jirani. Ukishusha kitufe, taa inazimika na muziki unapanda tena. Siku moja mfanya usafi aliingia na ndoo yake katikati ya taarifa ya habari, nchi ikasikia maji yanamwagika. Mkuu wa Chuo akaandika amri kwa mkono wake mwenyewe akaibandika mlangoni: taa ikiwaka, haingii mtu yeyote wa cheo chochote. Tuliiheshimu amri hiyo kuliko nyingine zote pale chuoni.

Nilifuta vumbi kanda mpaka Mwalimu wa Vipindi alipochoka kuniona nafuta. Alikwenda kwenye Kamati ya Redio, akanitetea, akarudi akaniambia, "Wamekubali kipindi kimoja cha majaribio, Jumamosi mchana. Kamati itakaa ofisini kwa Mkuu isikilize. Ukifanya vizuri, kipindi ni chako. Ukiharibu, unarudi kwenye kanda, na usiniombe tena."

Kama ningeharibu, kipindi kingekwenda kwa kiranja wa wanafunzi, kijana mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Nilikuwa na watoto wadogo, mke, na jina mlimani kote. Lakini niwaambie ukweli, hakuna kitu nilichokitaka maishani kama ile maikrofoni.

Sasa Jumamosi yenyewe nilikuwa nimeshaitoa. Mzee Leonsi wa Mwika alikuwa anaoza binti yake, Felista, na alinikodi kabla hata mbuzi hajachaguliwa. Kwetu huku, DJ anayemwangusha mzee kwenye harusi ya binti yake, jina lake linapita gulioni kesho yake pamoja na bei za maharage. Haitwi tena.

Mke wangu, Mama Prosper, alikuwa anamenya ndizi nilipomweleza.

"Mwambie Mwalimu wako abadilishe siku," akasema.

"Kamati imeshapanga."

"Basi mwambie Mzee Leonsi abadilishe."

"Mbege imeshapikwa."

"Sasa Baba Prosper utajikata vipande kama hizi ndizi? Kichwa studio, miguu Mwika?"

Nilikuwa natazama redio iliyokuwa juu ya kigoda, inaimba taratibu. Nikamwuliza, "Redio yetu Mwika inashika?"

"Inashika, ila inakwaruza mpaka uifunge waya juu ya mti." Akaacha kumenya. Aliyaona mawazo yangu kabla sijayatamka. "Hapana. Baba Prosper, hapana."

Mpango ulikuwa huu. Yeye angekwenda Mwika na mashine yangu yote, spika zote. Angeunganisha waya kutoka kwenye redio mpaka kwenye mashine, ukumbi mzima usikie. Mimi ningekuwa studio, ningepiga nyimbo za harusi, ningewaita maharusi, ningewaita wazazi, ningeiita ndafu. Kamati ingesikia kipindi kizuri cha muziki chenye uchangamfu. Wa Mwika wangepata harusi yao. Pembeni ya ukumbi palikuwa na duka lenye simu ya mezani, na Mama Prosper angepiga kwa Mhandisi pakiwa na tatizo.

"Kwa hiyo mimi niwe mke wa redio," akasema.

"Mke wa mtangazaji."

"Hujawa bado."

Nilipanda Mwika kumwona Mzee Leonsi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, nikamweleza. Naye akajichotea kata yake, akanywa. Halafu akauliza, "Harusi ya mwanangu itasikika mpaka wapi?"

"Mpaka Moshi mjini, Mzee. Na Rau."

"Mpaka kwa yule aliyemkataa Felista akasema kwetu hakuna kitu?"

"Yeye atasikia kuliko wote."

"Basi weka redio."

Mwalimu wa Vipindi nilimwambia asubuhi ileile ya Jumamosi. Sikuona sababu ya kumtia wasiwasi mapema.

"Kuna harusi ndani ya kipindi," nikasema.

"Ndani namna gani?"

Nikamweleza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Na wakichelewa kutoka kanisani?"

"Mwalimu, mimi ndiye DJ. Harusi inanisubiri mimi."

"Mimi ni mtu wa Kilosa," akasema, "lakini nimeshakwenda harusi za huku. Bado sijaona iliyosubiri mtu au iliyowahi." Hata hivyo hakunikataza. Alikaa kwenye chumba cha Mhandisi, upande wa pili wa kioo, akakunja mikono.

Nilianza vizuri, msinikumbushe kuwa mnyenyekevu, nilianza vizuri sana. Kila wimbo ulimshika mwenzake mkono. Sauti yangu ilikuwa imetulia. Nikawaita maharusi: nikasema milango ifunguliwe, akina mama wajipange na vigelegele, bibi harusi anaingia na mumewe. Nikapiga wimbo wa kuingilia. Kisha nikasema ndafu ikae tayari mlangoni. Kwa wasomaji wa mbali, ndafu ni mbuzi mzima aliyeokwa, anayeingizwa ukumbini amesimama, majani mdomoni, na kwetu yeye ndiye keki. Maharusi wanamkata na kuwalisha wazazi. Harusi isiyo na ndafu, watu huenda nyumbani wakiuliza kama harusi ilikuwepo.

Wimbo wa kuingilia ukiwa bado katikati, nikamwona Mhandisi kwenye kioo amepishanisha mikono kifuani kama msalaba. Ndiyo ishara tuliyokubaliana: bado. Nikamwita kwa mkono aingie.

"Mama Prosper amepiga simu," akasema. "Padri alichelewa, alikuwa na maziko ng'ambo ya korongo. Misa bado haijaisha. Ukumbini wamefungua milango, amepita kuku."

"Mwambie awatulize."

"Subiri, kuna simu nyingine. Ya Rau."

"Rau kuna nini?"

"Kuna harusi. Mshereheshaji wao amelewa, kalala kwenye gari, wakafungulia redio. Umewaita maharusi, wameingia. Sasa wanauliza, mbuzi aingie?"

"Mbuzi wa nani?"

"Wa kwao."

Nikahesabu. Nilikuwa na harusi mbili, moja haina maharusi na nyingine imeshika mbuzi mlangoni. Nikatazama nje kupitia kioo cha korido ili nipate pumzi, na nikaona suti ya kijivu. Mkuu wa Chuo alikuwa anakuja. Alikuwa anapita juu ya majani, yeye ambaye aliwaadhibu wanafunzi kwa kukanyaga majani. Nyuma yake kiranja wa wanafunzi alikuwa anakuja na karatasi za taarifa ya habari, kwa kuwa muda wa habari ulikuwa umekaribia.

Nilijua Mkuu anakuja kunitoa. Angefungua mlango, angesema neno moja, na vidole vyangu vingerudi kwenye kanda moja kwa moja. Wimbo ulikuwa unaelekea mwisho. Mhandisi alikuwa ameshatoka. Nikafanya jambo moja tu lililokuwepo. Nikapandisha kitufe cha maikrofoni.

Taa ikawaka.

Ninyi wenye kazi hii mtaelewa shida niliyojitia. Taa ikiwaka Mkuu hawezi kuingia. Lakini taa ikiwaka, muziki unashuka, hausikiki ukumbini. Kama nataka kubaki studio, nisipige muziki. Na nikinyamaza, betri zinaanikwa. DJ wa nyimbo nilikuwa nimejifungia ndani, na nilichobaki nacho ni mdomo.

Nikaongea. Nikasema, "Ndafu wote mlioko milangoni, kote mnakonisikia, msiingie kwanza. Mbuzi ametoka motoni, amechoka, hajapewa hata kiti. Mpeni kiti." Baadaye waliniambia wale vijana wa Rau waliokuwa wameshika sinia waliliweka kweli juu ya kiti cha mwenyekiti wa kamati ya harusi, na mwenyekiti akabaki amesimama. Nikawasalimia mashangazi, nikawasifu waliopika, nikawauliza wanaume kwa nini wamekaa karibu na pipa la mbege na si karibu na wazazi wao. Nikawaambia wapishi wa mtori wasiache kukoroga.

Nje ya mlango niliona Mwalimu wa Vipindi amesimama, mgongo wake umegusa ubao wa mlango, Mkuu mbele yake. Sikuwasikia. Mazungumzo yao nilielezwa na Mhandisi, aliyekuwa karibu na hakutaka kuondoka.

"Mwalimu, nipishe."

"Taa inawaka, Mkuu."

"Naiona."

"Amri ni ya mkono wako."

"Ataizima lini?"

"Bibi harusi akifika."

"Akifika wapi? Hii ni redio ya chuo au ukumbi wa pombe? Na taarifa ya habari?"

"Itangoja."

"Kwa idhini ya nani?"

"Yangu. Kama kuna wa kuandikwa, niandike mimi."

Mimi ndani nilikuwa nimeishiwa mashangazi. Ndipo nikakumbuka ile barabara. Kutoka kanisani mpaka ukumbini naijua kwa miguu, kwa pikipiki, na kwa kubebwa. Nikaanza kuwaita watu waliokaa kando yake. Nikasema, "Ninyi mlio pale kwenye kinu cha kusaga, fungeni mashine kidogo, tokeni nje, Felista binti Leonsi atapita hapo leo. Ninyi wa pale darajani, ondoeni ng'ombe, gari la harusi halipishani na ng'ombe. Wewe mama unayekata majani juu ya kona, nakuona, weka mundu chini, shuka barabarani, mtoto wa mwenzako anaolewa. Mliotoka gulioni, msiwahi nyumbani. Mpigieni kigelegele." Kona baada ya kona, kihamba baada ya kihamba, hayo mashamba yetu ya migomba, nikawaita kwa kazi zao, maana majina sikuyajua yote.

Sikuwa na hakika hata mtu mmoja ananisikia. Hilo ndilo jambo la kazi hii ambalo hakuna chuo kinachokufundisha kulizoea. Unaongea na trei za mayai.

Koo lilikuwa limekauka Mhandisi alipotokea kwenye kioo. Safari hii mikono yote miwili ilikuwa juu. Wametoka kanisani, wako barabarani, wanafika. Nikavuta pumzi, nikasema, "Tunaanza upya. Milango ifunguliwe," nikabonyeza wimbo, nikashusha kitufe. Taa ikazimika.

Mlango ukafunguliwa palepale. Mkuu wa Chuo akaingia na viatu vyake, juu ya zulia. Nikasimama. Nilikuwa nimeshaandaa uso wa mtu anayefukuzwa.

Akauliza, "Wameingia?"

"Wanaingia sasa hivi, Mkuu."

"Na yule mbuzi?"

"Bado kidogo."

Akavuta kiti cha mwanafunzi, akaketi. Alikaa mpaka nilipoiita ndafu, na nilipowaita wazazi wa Felista kuja kulishwa aliniuliza kwa sauti ya chini anayelishwa kwanza ni nani. Taarifa ya habari ilisomwa baadaye, na kiranja aliisoma haraka kama mtu anayekimbia mvua.

Mama Prosper alirudi jioni na spika zangu na majani mabichi ya migomba begani. Akaniambia yaliyotokea barabarani. Felista alitoka kanisani amenuna, maana harusi yake ilikuwa imechelewa na alijua ukumbi umechoka. Walipofika kwenye kinu cha kusaga wakakuta watu. Akadhani kuna ajali. Darajani watu tena, na ng'ombe wamefungwa pembeni. Kila kona akina mama wamesimama na majani mabichi wanapunga, wengine na redio zao mikononi, vigelegele kutoka kinuni mpaka mlangoni mwa ukumbi. Gari lilitembea kwa mwendo wa mtu. Mzee Leonsi alikuwa ameketi kiti cha mbele, akawa anawapungia watu kama mbunge, na hakumjua hata nusu yao.

"Na Felista?"

"Alilia mpaka poda ikaisha," akasema Mama Prosper. Kisha akaongeza, huku anavua viatu, "Sasa umekuwa."

Jumatatu tuliitwa ofisini, mimi na Mwalimu wa Vipindi. Mkuu alikuwa amerudia uso wake wa kawaida. Alisema kuchelewesha taarifa ya habari ni kosa, na kosa haliondolewi na vigelegele. Mwalimu wa Vipindi akapewa onyo la maandishi, palepale, mbele yangu. Kisha Mkuu akanigeukia akasema kipindi cha Jumamosi mchana ni changu, kwa sharti kwamba niketi darasani na wanafunzi wa mwaka wa kwanza mpaka nijue kuandika taarifa, na kwamba harusi yoyote itakayopigwa hewani iwe imeshatoka kanisani.

Tulipotoka nilimfuata kwenye korido. Nikasema, "Mwalimu, onyo lile lilikuwa langu."

"Ndiyo. Mimi nimepata onyo, wewe umepata kipindi," akasema. "Nenda kafanye kazi."

Nilifanya. Nilikaa darasani na watoto, magoti yangu hayaingii chini ya dawati, na nawashukuru wote walioniazima kalamu na waliocheka polepole. Kipindi cha harusi kilidumu miaka mingi kuliko ndoa nyingine zilizopita ndani yake. Baadaye nikapandishwa kuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi, anayefungua kituo na kujibu umeme ukikatika. Mkuu wa Songea alihamishwa, akaja Mkuu mwingine, mama aliyependa kwaya, akanipa na Jumapili. Mhandisi alipougua akaja kijana wa kompyuta, akaniambia kanda zote zinaingia ndani ya kisanduku kimoja. Nilimwachia kisanduku chake. Nilibaki na maikrofoni. Wanafunzi niliowafundisha wako Arusha, Mwanza, Dar, wengine wana vituo vyao, na wakinikuta wananiamkia kwanza ndipo wanawaamkia waliosoma nao. Nyumba yangu ya Rau imejengwa na mdomo huu. Watoto wangu wote wamepita kidato nilichokikosa.

Nilistaafu mapema, nikiwa na nguvu zangu, sauti ilipoanza kukwaruza. Sikutaka mtu anisikie akadhani betri zake zinaisha.

Nikiwa sina kazi nilifanya jambo nililoliahirisha miaka yote. Nilipanda basi kwenda Kilosa. Mwalimu wa Vipindi alikuwa ameshastaafu zamani, anaishi na wajukuu, nywele nyeupe, miwani ileile au ndugu yake. Tulikula, tukakumbuka, tukamtaja Mhandisi kwa wema. Nilimpelekea kahawa ya Mwika iliyokaangwa na Mama Prosper. Nikamwambia nilichokuja kukisema: kwamba kila nilichonacho kilipita pale mlangoni aliposimama, kwamba aliuhatarisha mkate wake kwa ajili ya mtu wa darasa la saba, na kwamba nimesimulia habari hiyo kwa kila mwanafunzi niliyepata. Nikamuuliza aliona nini ndani yangu siku ile mpaka akamzuia Mkuu wa Chuo kwa mgongo wake.

Akakoroga kahawa yake muda mrefu.

"Kusema kweli wewe sikukufikiria," akasema. "Nilitaka kujua kama bibi harusi atafika."

Nimesifiwa na wengi katika kazi hii, na mwenyewe nimejisifu kuliko wote. Lakini nilipopanda basi kurudi Moshi, maneno hayo ndiyo niliyoyabeba, na bado sijapata sifa iliyoyazidi.